Usiponiona Stesheni

Mwanangu Nyamizi,

Salamu tumekwisha kupeana asubuhi ulipopita jikoni ukasema shikamoo mayu, nami nikasema marahaba, kwa hiyo sizirudii. Karatasi ni chache na baba yako hakawii kurudi kutoka kwenye kikao cha wazee. Ninaandika nimekaa kwenye kigoda, mlango wa jiko nimeurudisha nusu, jua bado liko juu ya ghala. Mwandiko wangu ni ule wa darasa la ubatizo, uuvumilie hivyo hivyo.

Kwa safari yako ya kesho sitakuambia uchemshe maji ya kunywa, wala ulifunge sanduku kwa kamba, wala usizoeane na wanaume ndani ya gari la moshi. Hayo shangazi yako Kalunde amekuimbia wiki nzima mpaka nadhani hata kuku wa hapa Kigwa wanaweza kuyarudia. Mimi ninataka kukujibu. Jumapili uliniuliza kitu kwa macho mbele ya watu, nami nikainama nikaendelea kukwangua sufuria iliyokwisha kukwanguliwa. Ulidhani sikukuona. Nilikuona, mwanangu, na jicho lako halijanitoka mpaka sasa.

Unakumbuka tulivyokuwa tumekaa. Kabula, mke wa kaka yako, amempakata Maganga, na yule mtoto hata kulia alikuwa hawezi tena, anatoa mlio mwembamba tu. Uso umemjaa, miguu imevimba, ukiibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Nywele zimegeuka nyekundu. Miezi michache nyuma majirani walikuwa wanapita wanasema, "Hongera Kabula, mtoto amenona!" Amenona! Sisi watu wa huku tukiona shavu limejaa, tunampongeza mama. Tulimpongeza mpaka mtoto akashindwa kusimama.

Baba yako akaweka tonge chini, akalisema lile neno: "Mtoto huyu amebemendwa."

Wewe umesoma mjini, lakini neno hilo unalijua tangu hujajua kuvaa nguo. Mama anayelea mtoto mchanga akitoka nje ya ndoa, ndivyo wanavyosema, mtoto wake anaharibika, anavimba, analegea. Dawa ipo, ila haishiki mpaka mama akiri mbele ya wanawake wa ukoo na amtaje mwanamume kwa jina. Na kaka yako Masanja yuko kwenye mkonge huko Tanga tangu kabla ya mvua. Kabula yuko peke yake, kijana, mzuri wa sura, tena ana kicheko. Unafikiri nani aliyehitaji ushahidi mwingine?

Ndipo uliposimama. Niliogopa, maana mtoto wa kike hasimami baba yake anapokula. Ukasema, "Baba, Maganga havimbi kwa sababu ya uzinzi. Anavimba kwa kukosa protini. Kila siku anapewa ugali wa muhogo na mlenda tu. Apewe maziwa ya mbuzi, apewe mayai na karanga." Baba yako hakukasirika. Ningeona afadhali angekasirika. Alitabasamu kwa upole, kama anavyotabasamu kanisani anapopokea sadaka, akasema, "Maziwa atapewa. Mama yake akishakiri. Dawa bila kukiri ni maji matupu. Wewe mwenyewe ulivimba hivi hivi, mama yako akakiri, hakuna aliyemshika koo, ukapona. Muulize."

Ukanigeukia. Nami nikakwangua sufuria.

Jibu langu ni hili, Nyamizi, na lisome mara mbili kama unataka: sikutoka nje. Si siku hiyo, si kabla, si baada. Nilikiri jambo ambalo sikulifanya.

Mwaka ule mtama ulikauka ukiwa umefika kiunoni. Tulikula muhogo asubuhi, muhogo jioni, na katikati tukatafuna michembe ya viazi vilivyokaushwa. Mimi nikashikwa na homa, maziwa yakakauka kifuani, ukaachishwa ziwa kabla ya wakati wako. Ulikuwa unakula vizuri! Hilo ndilo lililotuchanganya. Tumbo limejaa, bakuli tupu, na bado mtoto anaisha. Baba yako alikuwa amekwenda Ziba kutafuta kazi ya kuchunga. Aliporudi akakukuta umevimba, akakunyanyua, akakurudisha mkekani polepole, akanitazama. Alikwenda kumwita dada yake.

Kalunde alikuja na wenzake, wakaniketisha juu ya kirago. Usimchukie shangazi yako. Siku ile alikuwa analia kuliko mimi. Alinishika magoti akasema, "Wifi yangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Sema, tumpe dawa. Mbuzi amekwisha kukamuliwa, karanga zimetwangwa, mizizi iko tayari, tunangoja mdomo wako tu." Na kweli, kibuyu cha maziwa kilikuwa pale pale, nakiona, mkono wangu ungekifikia. Nikasema sina la kusema. Wakangoja. Jua likasogea. Wewe ulikuwa umelala pembeni, nzi wanakutua machoni na hufumbi. Nikasema tena, sina. Kalunde akafunika kibuyu kwa kawa, akasema, "Basi tutazika."

Ungefanya nini? Niambie wewe uliyesoma. Mimi nilisema, "Nimefanya."

Wakauliza, nani? Loo! Sikuwa nimefikiri hapo. Nilidhani neno moja litatosha. Nikatafuta haraka haraka mtu ambaye hataumia. Nikamtaja Rashidi, yule aliyekuwa anatia mafuta taa za stesheni, aliyekuwa ananunua karanga kwangu. Kisa cha kumtaja yeye? Alikuwa amehamishiwa upande wa Kigoma, nikaona yuko mbali, jina lake halitapata kidonda. Nikapewa maji nikayatia mdomoni, nikakutemea kifuani, na kabla hata matone hayajakauka ukaanza kunyweshwa yale maziwa yaliyochanganywa na karanga na mizizi.

Ukapona. Siku baada ya siku ukakojoa ule uvimbe wote ukaisha, ukabaki mifupa mitupu, halafu nyama ikaanza kuja. Ukacheka. Kijiji kizima kikaona: amekiri, mtoto amepona. Nani atabishana na mtoto anayetambaa? Wewe ndiye uliyekuwa ushahidi wangu, mwanangu. Kila hatua uliyopiga ilikuwa inasema mama huyu ni mzinzi.

Na baba yako akanisamehe. Alisimama kanisani, kijana wa watu, akasema mbele ya wote kwamba mke wake amekosa, amekiri, naye amesamehe na hatamrudisha kwao. Watu walilia. Mchungaji alimshika mkono. Haikupita muda wakamfanya mzee wa kanisa, na mpaka leo vijana wanaotaka kuwafukuza wake zao wanaletwa kwake awape mfano. Mfano wenyewe uko jikoni unachochea kuni! Mtu aliyefukuzwa anaweza kwenda kwao akaanza upya. Mtu aliyesamehewa anakwenda wapi? Sikuweza kununa, maana nilisamehewa. Sikuweza kukataa kitu, maana nilisamehewa. Nikichelewa kisimani, baba yako hanipigi, anauliza tu kwa ile sauti ya upole, "Ulikutana na nani?" Mwendo wangu wa kuchota maji huwa wa haraka, umewahi kunicheka kwa mwendo huo. Sasa unajua asili yake.

Halafu Rashidi akarudi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, hivyo naliandika kwa kifupi, nisije nikaacha. Alishuka kwenye gari akiwa anapita kwenda likizo kwao, hajui lolote, mkononi ana kifurushi cha dagaa wa Kigoma. Alikuwa amesikia kwamba mtoto wangu aliumwa. Alisema ni dagaa wa mtoto. Baba yako na ndugu zake wakampiga pale pale kwenye jukwaa la stesheni, dagaa wakamwagika, watu wakawakanyaga. Nilikuwa nimekwenda kuuza karanga kama kawaida yangu. Alinitazama akiwa chini, damu inamtoka sikioni, akauliza, "Mama Masanja, nimekukosea nini?"

Nilibeba ungo wangu nikarudi nyumbani.

Tangu siku ile sijakanyaga stesheni. Baba yako alisema, "Kule usiende tena," nami nikaona ni haki, ingawa si kwa sababu yake. Gari linapita nyuma ya mashamba yetu kila mara, sahani zinatikisika kichanjani, nami sijaliona likisimama kwa karibu miaka yote uliyoishi. Ulipokwenda shule Tabora nilikuagia mlangoni. Ulidhani mama yako hapendi kelele. Ndivyo nilivyokuambia.

Najua utauliza: mbona hukusema baadaye, nilipokwisha kupona? Eh, hapo ndipo pana mtego wenyewe, na usinicheke. Niliogopa dawa itavunjika. Kama kukiri ndiko kulikokuponya, basi nikisema nilidanganya, ugonjwa utarudi. Mimi ndiye niliyejua kwamba sikufanya kitu, na bado niliamini! Yote mawili yalikaa kichwani mwangu pamoja, hayakugombana. Kila uliposhikwa na homa nilijiuliza kama nimeropoka neno mahali. Ulipopata surua, nilikaa kimya mpaka Kalunde akadhani nimepoteza sauti. Nimekulea hivyo, kwa kufunga mdomo, nikidhani mdomo wangu ndio uliokushikilia duniani.

Mpaka likizo hii, uliponifundisha jikoni hapa hapa.

Ulichukua kipande cha muhogo uliochemshwa, ukasema, "Tafuna, mayu, usimeze." Nikatafuna. "Bado usimeze." Nikakuona kichaa. Kisha mdomo ukaanza kuwa mtamu, mtamu kabisa, na hapakuwa na asali. Ukacheka ukasema huo ndio wanga. Ukachukua zile shanga zangu za zamani, alizoacha bibi yangu tangu enzi za misafara, ukasema chakula kimetungwa hivi hivi, kwa punje ndogo zisizoonekana. Wanga ni uzi wa punje za namna moja, zote sukari. Mate yanaukata uzi, ndiyo maana ulimi unaonja utamu. Mafuta ya karanga ni kitu kingine, yanaweka akiba na joto. Na protini ni uzi wa shanga za rangi nyingi, nyekundu, nyeupe, samawati, na mwili ukizikosa baadhi hauwezi kuzitengeneza kwa muhogo, hata ujaze debe. Nyama ya mtu ni huo uzi. Nywele ni huo uzi. Hata damu inao, na ukipungua damuni maji hayashikiki tena, yanavuja na kukaa miguuni.

"Kwa hiyo mtoto anashiba na bado ana njaa?" nikauliza.

"Ndiyo, mayu. Anashiba wanga."

"Na akipewa maziwa?"

"Maziwa yana protini. Na karanga pia. Akiwahiwa, anapona."

"Hata mama yake akiwa hajasema kitu?"

Ulinishangaa. Ukasema, "Aseme nini? Protini haina masikio."

Nilitoka nje nikajifanya nafukuza mbuzi. Ulifikiri moshi umeniingia machoni. Nyamizi, nililia kwa hasira kwanza, furaha ilikuja baadaye sana. Kibuyu kile kilikuwa pale! Kilikuwa pale pale tangu sijafungua mdomo, kimefunikwa kwa kawa. Maziwa yale yale, karanga zile zile. Shangazi yako alikuwa na dawa ya kweli mkononi, akaifungia nyuma ya neno langu, na tukaisifu mizizi, tukalisifu neno, maziwa hakuna aliyeyasifu. Rashidi alipigwa bure. Hata dagaa wake, kwa ulivyonieleza, walikuwa dawa.

Ukifika huko hospitalini utaona akina mama wanaleta watoto kama Maganga. Usianze kumuuliza mama amempa nini mtoto. Atakudanganya. Muulize amekuja na nani, halafu yule aliyekuja naye mtume nje, akatafute maji, akatafute chochote. Ndipo umwangalie mama usoni. Na mtoto mnyweshe kwanza, maswali yafuate. Hilo sikulisoma popote, nilijifunza kirago kikiniuma matako. Wala usimdharau mzee anayekuja na kamzizi kake kwenye kitambaa. Muulize huo mzizi anauchanganya na nini.

Sasa kesho.

Wanawake wa ukoo wanakuja kumkalisha Kabula. Wanakuja asubuhi, kwenye saa ile ile ya gari lako, na mkamwana hukalishwa na mama mkwe wake. Mama mkwe ni mimi. Jana baba yako alikuja hapa jikoni, jambo ambalo hafanyi, akasimama karibu na kinu, akasema, "Mke wangu, wewe njia hii unaijua. Kabula atakusikiliza. Zungumza naye, akiri bila taabu." Kisha akasema, "Mkimaliza mapema, nenda stesheni ukamsindikize mtoto wako. Nimekuruhusu."

Nilishika mchi kwa mikono miwili. Unajua nimelitaka jambo hilo kiasi gani? Nimekwisha kukupigia picha kichwani, wewe dirishani na lile gauni la bluu, mimi chini nakupa karanga za moto. Baba yako si mtu mbaya, Nyamizi, nakuomba ulijue hilo. Anaamini. Ananipa kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kunipa, na hajui ananunua nini kwacho.

Nilikwenda kwa Kabula nikitaka kumwambia mambo mawili matatu tu. Nikamkuta amekaa na Maganga, anamfukuzia nzi. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Mama, nimtaje nani? Nimefikiri sana. Naona bora nimtaje mtu aliyehama."

Ebo! Nilisikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kwenye kinywa cha mtoto wa watu. Nikamwambia, "Usimtaje mtu. Ukifungua mdomo kesho nitauziba kwa mkono wangu." Alinitazama kwa hofu. Nikaenda nikachukua yai chini ya kuku anayeatamia, nikalichemsha, nikamlisha Maganga nyuma ya ghala kipande kwa kipande, na Kabula analia kwamba mtoto akila mayai atakuwa mwizi. Nikamwambia heri mwizi anayekimbia kuliko mwema aliyezikwa. Leo nimempa jingine. Lakini mayai ya kuiba hayatoshi, na mbuzi wamo zizini mwa baba yako, na baba yako anangoja neno.

Basi neno atalipata. Kesho wakishaketi nitamwambia Kabula ainuke kwenye kirago kile, nikikalie mimi. Nitasema mbele ya Kalunde na wenzake, na mbele ya baba yako kama atakuwa mlangoni, kwamba sikufanya. Kwamba Rashidi hakunigusa hata kidole. Kwamba mtoto wangu aliponywa na mbuzi. Kisha nitakwenda zizini kukamua, na atakayetaka kunizuia anizuie. Naogopa, sikufichi. Ute wa yai ukishaiva haurudi kuwa maji, na uongo wangu umeiva miaka mingi, labda hawataniamini. Labda baba yako ataona nimemvunjia jina lake lote. Labda mwisho wa wiki nitakuwa kwa kaka yangu kule Ntalikwa na kifurushi changu. Lakini Maganga atakuwa amekunywa.

Barua hii nitakupa mkononi asubuhi ukitoka. Usiifungue njiani, jirani atakayekubebea sanduku ana macho marefu. Ifungue stesheni unapongoja gari. Halafu tazama kwenye ile njia inayotoka kwetu.

Ukiniona nakuja na kikapu cha karanga, nimevaa kanga yangu mpya, usinikimbilie. Ujue Kabula amekiri, na mama yako amelipwa. Usiponiona, mwanangu, usilie, wala usiseme kwamba hata siku ya leo mama hakuja. Panda gari lako ukicheka.

Ni mimi mama yako, niliyebaki nyumbani safari hii kwa kupenda mwenyewe.